Mtaji uko wapi mwezi wa sita?

Hapa Mbeya maduka yanauzwa na kununuliwa kila siku, na utaratibu wake anaujua hata ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya mhasibu. Fremu ya Mwanjelwa au ya Kabwe ikibadilisha mwenyewe, mnakubaliana kilemba, yaani malipo ya eneo lenyewe mbali na mzigo, mnafunga milango jioni, mnahesabu mzigo usiku kucha kwa bei ya kununulia. Asubuhi mnunuzi analipa kilemba na thamani ya mzigo, funguo zinahama mkono. Madeni yaliyomo kwenye daftari anabaki nayo mwenye duka wa zamani, atajua mwenyewe namna ya kuyafuata. Ni utaratibu mzuri. Kilichohesabiwa ndicho kinacholipwa, na hakuna anayelala na kinyongo.

Shida inaanza pale duka lilipokua likawa kampuni. Sasa kuna usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kuna wafanyakazi wenye mikataba, kuna mkopo wa benki, kuna mawakala Mbozi na Rungwe, na kuna wasambazaji wa Dar es Salaam wanaoleta mbolea kwa mali kauli, yaani unalipa ukishauza. Mnunuzi akija, haji kununua fremu na rafu. Anataka hisa zote, yaani kampuni nzima na kila inachodai na kila inachodaiwa. Bei anaipanga kwa kuangalia faida ambayo kampuni imekuwa ikiingiza mwaka hadi mwaka, kisha anaizidisha kwa idadi ya miaka anayoona inafaa. Na kwa kuwa faida hiyo haiwezi kupatikana bila mzigo ghalani, bei ya namna hii tayari imebeba ndani yake mzigo wa kawaida wa kuendeshea biashara. Muuzaji aliyekulia Mwanjelwa hasikii hivyo. Akiambiwa milioni 400, kwake hicho ni kilemba, na mzigo utahesabiwa juu yake. Nimeshuhudia watu wakiwa wameshapeana mikono na soda zimeshanyweka, halafu mauzo yakavunjika kwa sababu ya jambo hili moja ambalo hakuna aliyelitaja mapema.

Ninafanya kazi ya kuwakalisha watu wa aina hii mezani, na jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaoumia mara nyingi ni wazee waliojenga biashara kwa miaka mingi na wanauza mara moja tu maishani. Mnunuzi anaweza kununua tena mwakani. Mzee hana cha kuuza tena.

Kinachozungumzwa hapa ni mtaji wa kuzungusha. Chukua thamani ya mzigo uliopo, ongeza unachowadai wateja, ongeza kodi ya fremu uliyokwisha kulipa mbele, kisha toa unachodaiwa na wasambazaji pamoja na gharama ambazo zimeshaiva lakini hazijalipwa. Kinachobaki ndicho kinachoizungusha biashara. Fedha iliyopo benki haimo, na mikopo ya benki haimo. Hivyo viwili kwa kawaida vinashughulikiwa pembeni: muuzaji anaondoka na fedha yake taslimu, na mikopo inalipwa kwa kukatwa kwenye bei anayopokea.

Ukikubali kwamba fedha ya benki ni ya muuzaji, utaona mara moja kwa nini mkataba unahitaji kifungu cha kurekebisha bei. Mtu anayejua kwamba atakabidhi baada ya miezi mitatu anaweza kuendelea kuuza bila kuagiza mzigo mpya, akawabembeleza wadaiwa walipe haraka kwa punguzo, na akawaambia wasambazaji wasubiri kidogo. Kila alichofanya ni halali. Akaunti inanenepa, na yote ni yake. Mnunuzi anafungua ghala anakuta mbao za kupangia mifuko, na simu ya wasambazaji haikatiki. Kule Rungwe ng'ombe wa maziwa bei yake inafuata lita anazotoa. Mnunuzi akimkuta siku ya kumchukua hajala siku tatu, atadai punguzo na hakuna atakayemshangaa. Kwa hiyo pande mbili zinakubaliana kiwango cha mtaji ambacho kampuni lazima iwe nacho siku ya makabidhiano. Ukipungua, bei inashuka kwa kiasi kilekile kilichopungua. Ukizidi, bei inapanda vivyo hivyo.

Ugumu wote uko kwenye kukipata kiwango hicho, na kwetu huku Nyanda za Juu ugumu huo unaitwa msimu.

Chukua kampuni ya pembejeo. Mvua za huku zinaanza Novemba, kwa hiyo Oktoba mbolea ya kupandia lazima iwe imeshafika. Januari na Februari watu wanataka urea ya kukuzia. Kuanzia Mei duka linapoa, Juni na Julai mahindi yanavunwa na waliokopa wanaanza kulipa. Tuseme mwisho wa Oktoba ghala lina mzigo wa milioni 270, wateja wanadaiwa milioni 20, na wasambazaji wanadai milioni 140. Mtaji wa kuzungusha ni milioni 150. Mwisho wa Juni mzigo umebaki wa milioni 35, wateja wanadaiwa milioni 30, wasambazaji wanadai milioni 15. Mtaji ni milioni 50. Ukijumlisha hesabu za mwisho wa kila mwezi na kugawanya kwa 12, tuseme unapata wastani wa milioni 90, na hicho ndicho kiwango kinachoandikwa mkatabani.

Makabidhiano yakiwa mwisho wa Juni, bei ya milioni 400 inashuka kwa milioni 40. Hapo ndipo muuzaji anaposimama. "Mwezi wa sita duka langu liko hivi miaka yote. Sijaficha kitu, sijahamisha kitu. Nakatwa kwa kosa gani?" Nimeulizwa swali hili na watu ninaowaheshimu, na ninaelewa uchungu wake. Lakini ukiuliza mtaji uko wapi mwezi wa sita, jibu ni benki. Mifuko iliyokuwa ghalani Oktoba imegeuka fedha, na fedha hiyo ameondoka nayo muuzaji, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana kuhusu fedha taslimu. Mnunuzi ndiye atakayetoa mfukoni mwake kujaza ghala tena ikifika Oktoba. Milioni 40 iliyokatwa kwenye bei muuzaji anayo tayari kwenye akaunti.

Geuza upande wa pili. Wakikabidhiana mwisho wa Oktoba, mtaji ni milioni 150, umezidi kiwango kwa milioni 60, na bei inapanda mpaka milioni 460. Hajapewa zawadi. Ni fedha yake aliyoitumbukiza kwenye mbolea, au mkopo wa benki ambao sasa unakatwa kwenye bei hiyohiyo. Wastani wa mwaka mzima unafanya tarehe ya makabidhiano isiwe silaha ya mtu yeyote, na ndiyo maana ninautetea hata mbele ya wauzaji wanaouona kama wizi.

Ninachokipinga ni kiwango kinachookotwa kutoka siku moja. Kampuni nyingi zinafunga hesabu 31 Desemba, na mizania ya siku hiyo ndiyo iliyopelekwa TRA, kwa hiyo ndiyo karatasi iliyo karibu. Wakili anaichukua, anaiweka kwenye mkataba. Lakini 31 Desemba kwa muuza pembejeo ni katikati ya msimu, mtaji uko juu, tuseme milioni 130. Kiwango kikiwa hicho na makabidhiano yakawa Juni, bei inakatwa milioni 80, na nusu ya makato hayo ni mali ya muuzaji imechukuliwa bure. Mnunuzi naye anaweza kupigwa kwa njia hiyohiyo: akikubali wastani wa miezi mitatu ya mwisho, Aprili mpaka Juni, atakabidhiwa duka jembamba kwa bei ya duka nene.

Mimi huwa naomba hesabu za miezi 24, misimu miwili, kwa sababu msimu mmoja unaweza kuharibiwa na mvua. Hata hapo inabidi kuangalia kilichotokea ndani yake. Mwaka 2022 bei ya mbolea duniani ilipaa, na serikali ikaleta ruzuku kuanzia msimu wa 2022/2023. Kampuni iliyouza mifuko ileile ilionekana na mtaji mnene kwa sababu kila mfuko ulikuwa umepanda. Miezi ya namna hiyo ukiimeza bila kutafuna, kiwango kinakuwa cha uongo. Ndiyo maana ninataka idadi ya mifuko pamoja na shilingi zake.

Sasa daftari la madeni. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Mikataba inayonakiliwa kutoka mijini inasema deni lililopitisha siku 90 lihesabiwe sifuri. Kwa duka la vifaa vya simu Kariakoo inafaa. Mkulima wa Mbozi aliyechukua mbegu na mbolea mwishoni mwa Novemba hawezi kulipa Februari. Mahindi yake bado hayajatoa hata mbelewele za maana. Analipa akiuza, Julai au Agosti. Ukitumia siku 90 kwenye duka la pembejeo, Juni utakuwa umefuta karibu daftari zima la watu waaminifu. Ninachopendekeza ni deni lipimwe kwa mavuno. Deni ambalo mavuno yamepita na mdaiwa hajaleta hata senti, hilo hesabu sifuri. Aliyeleta kidogo, hesabu nusu. Ambaye mavuno yake hayajafika, hesabu lote, ila toa kiasi kinachoendana na yale ambayo kwa kawaida hayarudi.

Hata hivyo, karatasi haimalizi. Nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anauza, na kijana aliyekuwa ananunua, daftari likiwa katikati yetu. Daftari kubwa la jalada gumu, majina yamepangwa kwa vijiji, mbele ya kila jina kuna deni, na pembeni mama ameandika kwa penseli vitu ambavyo hakuna mhasibu angevielewa: mke wa fulani, shamba liko barabarani, ana ng'ombe wawili. Kijana akaweka kidole kwenye jina moja lenye deni la misimu miwili.

"Mama, hili siwezi kulilipia."

"Huyu atalipa, mwanangu. Baba yake pia nilimkopesha, alilipa hata baada ya kuuguliwa."

"Nakuamini, mama. Lakini mimi hanijui."

Hakukuwa na cha kumjibu, na mama mwenyewe aliliona hilo. Kwetu deni linalipwa kwa mtu. Kampuni ni ileile, namba ya usajili ni ileile, lakini mdaiwa akisikia mama ameuza, anaweza kujiona amesamehewa. Tulichofanya ni kuyatoa madeni ya msimu uliopita kwenye hesabu kabisa, kwenye kiwango na kwenye hesabu ya makabidhiano, yote mawili. Mama akabaki na haki ya kuyakusanya mwenyewe, na kijana akaandika kwamba yatakayolipwa dukani atayapeleka kwake ndani ya siku saba. Madeni ya msimu unaoendelea yalihesabiwa yote, kwa sharti kwamba mama aende na kijana vijijini kumtambulisha kabla ya mavuno. Nasisitiza lile la kuyatoa pande zote mbili. Ukiyafuta siku ya makabidhiano huku uliyahesabu ulipokuwa unatafuta wastani, umemkata muuzaji mara mbili.

Ghala nalo lina mitego yake, na mashine za mpunga kule Igurusi na Ubaruku ndizo zilizonifundisha. Ukiingia kwenye ghala la mashine baada ya mavuno ya Usangu unakuta magunia mpaka darini, na mnunuzi mgeni anaona utajiri. Sogea karibu. Kila rundo lina jina limeandikwa kwa kalamu nene ubavuni, au magunia yameshonwa kwa uzi wa rangi moja, wengine nyekundu, wengine bluu. Ni mpunga wa wakulima na wafanyabiashara wanaosubiri bei ipande. Mwenye mashine anatoza kukoboa, basi. Mpunga wake mwenyewe unaweza kuwa kona moja tu nyuma ya mlango. Halafu kuna ule wa mkulima aliyekopeshwa na mwenye mashine akauacha kama dhamana. Huo si mzigo wa kampuni, ni dhamana ya deni. Ukiuhesabu kwenye mzigo na deni lake ukalihesabu kwenye wadaiwa, mali moja umeilipia mara mbili. Na mpunga upimwe kwa mizani, kilo kwa kilo. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na gunia la kawaida yote ni gunia moja ukihesabu kwa macho.

Kwenye pembejeo, mtego ni umri. Mbegu ya msimu uliopita, viuatilifu vilivyokwisha muda, mfuko wa mbolea ulioganda kwa unyevu ukawa jiwe. Vyote vipo kwenye kompyuta kwa bei ya kununulia. Mkubaliane mapema vitahesabiwaje, na kanuni hiyo muirudishe nyuma kwenye miezi yote mliyotumia kutafuta wastani.

Jambo hili la kutumia kipimo kilekile mwanzo na mwisho limewahi kugombaniwa kwa mabilioni. Mwaka 2015 kampuni ya Chicago Bridge & Iron ilikubali kuiuzia Westinghouse kampuni yake tanzu, Stone & Webster, iliyokuwa kwenye ujenzi wa mitambo ya nyuklia huko Marekani, katika majimbo ya Georgia na South Carolina. Bei ya kulipwa siku ya makabidhiano ilikuwa sifuri, kwa sababu mnunuzi alikuwa anabeba miradi yenye gharama kubwa. Kiwango cha mtaji kiliwekwa dola bilioni 1.174. Walikabidhiana 31 Desemba 2015. Baadaye Westinghouse ikapiga hesabu zake, ikasema inadai zaidi ya dola bilioni 2, na sehemu kubwa ya dai hilo ilikuwa kwamba uhasibu wa muuzaji tangu awali haukufuata kanuni. Kampuni iliyouzwa kwa sifuri ingemgharimu muuzaji bilioni mbili. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Juu ya Delaware ilikataa. Ilisema kifungu cha kurekebisha mtaji kina kazi nyembamba: kupima kilichobadilika kati ya kusaini na kukabidhi, kwa njia ileile ya uhasibu iliyotumika nyuma. Malalamiko kwamba njia yenyewe ilikuwa mbovu hayana nafasi hapo.

Nimeisimulia kesi hii kwa mzee wa mashine ya mpunga na akaielewa haraka kuliko vijana wengi wa vyuo. Mnunuzi asiyeridhika na namna duka linavyohesabu mzigo aseme kabla ya kusaini, na bei ijadiliwe upya. Akinyamaza, asije akazindukia kwenye hesabu za makabidhiano. Na mkataba uandike namna ya kuhesabu kitu kwa kitu, pamoja na mfano uliojazwa tarakimu za mwezi mmoja wa kweli. Mfano huo wa ukurasa mmoja umezuia ugomvi mwingi kuliko kurasa zote za vifungu.

Kodi na michango ya wafanyakazi ni eneo jingine la kuangalia. VAT ambayo haijapelekwa, PAYE, michango ya NSSF iliyochelewa: kila moja iwekwe ama kwenye mtaji wa kuzungusha ama kwenye madeni yanayokatwa kwenye bei, isiwe kote kuwili. Mimi ya mwezi unaoendelea naiweka kwenye mtaji, na iliyochelewa naihesabu kama mkopo, kwa sababu muuzaji aliitumia kama mkopo.

Utaratibu wa siku zenyewe ni wa kawaida. Siku chache kabla, muuzaji anatoa makadirio, bei inalipwa kwa makadirio hayo, na kiasi fulani kinabaki mikononi mwa benki au wakili. Mnunuzi anapewa siku 60 au 90 kuandaa hesabu halisi, muuzaji siku 30 za kupinga. Wengine wanaweka nafasi ya kuvumiliana, kwa mfano tofauti isiyozidi milioni 5 haigusi bei. Andikeni wazi kama ikizidi hapo inalipwa ziada tu au inalipwa yote kuanzia shilingi ya kwanza. Wengine wanaikwepa kazi hii kwa kufunga bei kwenye mizania ya tarehe ya nyuma na kumkataza muuzaji kutoa chochote tangu siku hiyo. Kwa kampuni ambayo hesabu zake zimekaguliwa vizuri inawezekana. Kwa nyingi za huku siishauri.

Muuzaji akumbuke kwamba baada ya kukabidhi, vitabu na kompyuta viko kwa mnunuzi. Haki ya kuingia, kuona stakabadhi na kupiga nakala lazima iwe mkatabani, kwa sababu akishatoka kwenye hilo geti anakuwa mgeni. Kuhesabu mzigo kufanywe pamoja usiku wa makabidhiano kama tulivyozoea Mwanjelwa, kila karatasi isainiwe na wote wawili papo hapo. Mkubaliane pia mwisho wa habari mpya: mdaiwa akilipa Agosti, malipo hayo yanaonyesha kwamba deni lake la Juni lilikuwa zima, lakini lazima pawe na tarehe ambayo baada yake hakuna anayeleta habari nyingine.

Wakishindwana, aamue mhasibu asiye wa upande wowote, aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, na aamue yale tu waliyoshindwana, ndani ya namba mbili walizozileta. Jina lake liandikwe siku ya kusaini, wakati bado wanacheka pamoja. Mbeya hii tunajuana mno. Ofisi zinazofanya kazi hizi ni chache na kila moja imewahi kumshikia mtu vitabu. Mimi huwa nawaambia wamtafute wa Iringa au Dodoma ambaye hajawahi kula ugali wa upande wowote, na gharama yake ailipe zaidi yule ambaye namba yake ilikuwa mbali zaidi na uamuzi.